Jina Lisilokuwepo kwenye Ubao wa Ngome

Thursday Island, 3 Mei 1993

Shemeji,

Salamu zikufikie hapo Townsville, wewe na dada yangu Mareta. Goti lake linasemaje? Mimi ni mzima kama mzinga. Miaka sabini na moja na bado napanda Green Hill bila kusimama kupumua, vijana wananipisha.

Barua naandika kwa mkono wangu, usicheke herufi. Bahasha ameandika binti yangu Lena, maana jina la shemeji haliwezi kutoka kwangu, hata kwa kalamu.

Habari kubwa ni mbili. Ya kwanza, ngome imefunguliwa. Wamefyeka majani, wamepaka rangi mizinga yote mitatu, wamesafisha stoo za baruti kule chini tulikokuwa tukilala na popo. Ukutani kuna ubao wa shaba wenye majina ya sisi tuliolinda pale wakati wa vita, na chini yake hadithi ya ile boti. Wageni wakishuka kwenye feri wanapanda moja kwa moja kunitafuta mimi. Kanisa hawalitazami, makaburi ya wazamiaji lulu wa Kijapani hawayatazami. Wananitazama mimi.

Ya pili, jiwe la mdogo wangu Elap limefika. Tumelisimamisha kaburini, tumelifunika nguo. Kulifungua ni Jumamosi tarehe 18 Septemba. Kasa wawili nimeshaahidiwa, na nguva. Elap hakuoa, na mashemeji wengine wote wamekufa, kwa hiyo mariget wake, shemeji wa kumzika na kumfungulia jiwe, ni wewe peke yako. Ulimwosha, ulimchimbia, ulimzika. Mkono wa kuvua nguo ile ni wako, si wa mtu mwingine. Niambie unafika lini.

Shemeji yako,
Aniba Gebai


Townsville, 20 Juni 1993

Shemeji,

Salamu. Mareta goti linamuuma. Mimi ni mzima, na nikikasirika huwa mzima zaidi.

Mpwa wangu alipita hapo kisiwani akanipigia picha ya huo ubao. Nikavaa miwani. Nikampa Mareta asome. Nikamwambia asome tena. Majina kumi na moja! Hata yule Mose aliyekuwa akijifungia chooni kila king'ora kikilia, yupo. Mimi sipo.

Halafu hadithi. Eti wewe uliiona boti ya jeshi inaingia kwenye mlango wa bahari uliotegwa mabomu, ukapanda juu ya mzinga ukapunga shati lako mpaka boti ikageuka, ukaokoa watu saba, mmoja wao mdogo wako. Shati lako? Shati lako siku ile lilikuwa linachemshwa kwenye debe kwa ajili ya chawa! Na wewe mwenyewe ulikuwa chini kwenye stoo ya baruti umeshika tumbo, nyama ya kopo imekukoroga. Nani alipanda mzinga? Nani aliporomoka akachanika paja? Kovu ninalo, njoo ulione.

Kaburini mnanijua, ngomeni hamnijui. Basi mfungulieni mdogo wenu nyinyi wenyewe. Aliyemwokoa kwenye ubao ndiye amfungulie. Siji.

Shemeji yako,
Simeona Waria


Thursday Island, 29 Juni 1993

Shemeji,

Mmeamkaje huko? Hapa upepo wa kusini-mashariki unavuma, mabati yanalia usiku na mchana. Ugonjwa sina. Nina hasira.

Wewe umezeeka au umeshakuwa Mzungu? Yule mama wa kamati ya ngome alikuja na kalamu yake, "Babu, nitajie majina." Nikamtajia. Nikafika kwako. Ulitaka nifanyeje? Tangu mwaka 1947 ulipomwoa dada yangu, jina lako halijapita kinywani mwangu. Siku mtumbwi wetu ulipopinduka kule kisiwa cha Prince of Wales, wewe unakwenda chini, nilikuita "Wee! Wewe hapo! Wee!" na jina sikulitaja. Ulisikia mwenyewe.

Basi nikanyamaza, nikainamisha kichwa. Mtu wa hapa angekielewa kimya kile. Yule katoka kusini, akageuza ukurasa. Mimi nimekupa heshima, wewe unaniita mwizi! Na malipo yake ndiyo haya, kumwacha mdogo wangu na nguo kichwani? Ndugu hatuigusi nguo ile, unajua vizuri, ndiyo maana unanitishia nayo.

Tarehe ni ile ile. Uje.

Shemeji yako,
Aniba Gebai


Townsville, 11 Julai 1993

Shemeji,

Salamu. Goti ni vile vile.

Usinifundishe heshima. Mimi pia jina lako sijalitaja miaka arobaini na sita. Mtu akiniuliza nasema "kaka wa mke wangu", na kila mtu anajua ni yule mwenye domo. Wewe ulishindwa nini kusema "mume wa dada yangu"? Lena alikuwa jikoni kwako. Ungemwita, angetaja, dakika moja.

Haya, jina tuliache. Shati je? Shati lina mwiko gani? Ungesema "mtu mmoja alipanda mzinga", nani angekufunga?

Hukunyamaza wewe. Ulijipakulia.

Habari za jiwe usiniandikie tena.

Simeona Waria, shemeji


Thursday Island, 2 Agosti 1993

Shemeji,

Hujambo, sijambo, yaishe hayo.

Nitalifungua mwenyewe. Naam, mimi, ndugu yake wa tumbo moja. Watu wasemee mbali. Mkono huu umeokota chaza pima kumi na tano chini ya maji, umebeba magunia ya saruji mpaka juu ya kilima kile mawili mawili. Pini ishirini na nguo moja hazinishindi. Kaa huko na kovu lako.

Kaka wa mke wako, yule mwenye domo,
Aniba Gebai


Thursday Island, 30 Agosti 1993

Shemeji,

Hujajibu. Kila ndege ikitua Lena anakwenda posta, akirudi anatikisa kichwa kabla sijauliza. Mwambie Mareta akae juani asubuhi, goti litalegea. Mimi ni mzima. Mkono tu.

Jumatano nilikwenda makaburini. Nilitaka kujaribu, nione kama naweza. Nguo imepauka upande mmoja, upepo unaingia chini unaiinua na kuishusha, ungesema Elap anapumua. Nikashika pini moja. Shemeji, mkono ukakataa. Nilisimama pale nimeshika pini kama mjinga. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia kaburi la jirani akaniuliza, "Mjomba, unafanya nini hapo?" Nikamwambia nafukuza mchwa. Akasema, "Mchwa wa kwenye kitambaa?" Nikaondoka.

Nikapanda kilima. Nilisimama kupumua mara nne, kama unataka kujua. Juu nikakuta wageni, mmoja akaniambia, "Tusimulie ile ya shati, mzee." Nikafungua mdomo. Siku zote inatoka yenyewe. Siku hiyo haikutoka.

Nakwambia mara moja tu, sitarudia. Yule mama alipouliza nani aliiona boti, nilianza vizuri. Nilisema, palikuwa na mtu. Akauliza, mtu gani? Nikanyamaza. Akacheka, "Ni wewe babu, sivyo? Usione haya." Mdogo wangu alikuwa ndani ya boti ile, na mimi nilikuwa chini nimeshika tumbo. Nilisikia kelele zako nikadhani mnacheza. Miaka hamsini natamani ningekuwa juu. Nikasema ndiyo, ni mimi. Ilikuwa tamu. Nikaila mpaka nikakwangua sufuria.

Basi nikashuka gatini kwa fundi wa mashine, nikaazima patasi na nyundo, nikapanda tena. Nikaliondoa jina langu kwenye shaba yao, herufi moja moja, kwenye orodha na kwenye hadithi. Mama wa kamati akaja mbio, anapiga kelele, "Mzee, unaharibu historia ya kisiwa!" Nikamwambia, "Historia gani? Hii niliitunga mimi, mezani kwangu, wewe ukinywa chai yangu." Akakaa chini kwenye nyasi.

Sasa majina ni kumi. Wewe hupo, na mimi sipo. Jina lako sikuweza kulitia. Langu nimeweza kulitoa.

Ukija, uje. Usipokuja, nguo itakaa pale mpaka ioze, na mimi siigusi.

Lile la domo bado limenikaa.

Shemeji yako,
Aniba Gebai


Townsville, 8 Septemba 1993

Shemeji,

Mareta anakaa juani. Barua yako aliisoma mara mbili, mara ya pili akinigeuzia mgongo.

Mpumbavu wewe! Nani alikuomba uchimbe shaba ya watu? Ulikuwa na kazi ya kuongeza jina, wewe umepunguza. Kwenye hadithi, sawa, lilikuwa la wizi. Lakini kwenye orodha lilikuwa halali yako. Miaka miwili ulilala na popo kama mimi, ukakung'utwa na upepo kama mimi, ukala ile nyama mbovu kuliko mimi. Sasa itabidi tuwaendee wale wa kamati. Mimi jina lako siwezi kulitaja, wewe langu huwezi kulitaja. Tutasimama mbele ya yule mama wazee wawili, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, mpaka atuitie polisi. Mwambie Lena aombe ruhusa kazini Ijumaa asubuhi aje atutaje.

Tunatua Horn Island Alhamisi tarehe 16, tunavuka na feri ya mchana. Uje gatini na kiti cha Mareta, na usije na maneno. Kasa mmoja afukiwe kwenye mawe ya moto pamoja na viazi. Msiwachemshe wote wawili kama mlivyofanya kwenye jiwe la baba yenu, nilitafuna siku tatu.

Hasira yangu haijaisha. Naja nayo.

Nguo ya mdogo wako usiikaribie tena. Hiyo ni kazi yangu.

Mume wa dada yako,
Simeona Waria