Vijiti Tisa Mlimani

Jumatatu, 8 Januari
Mvua tena. Miche ya misindano, ile misonobari ya mbao, imefika. Kaka Festo anataka mlima wote upandwe wiki hii. Wote! Kule juu, katikati ya misindano ya zamani, Baba aliacha uwazi kwa ajili ya yale maua ya njano. Hapa Kilolo sijayaona kwingine. Nimehesabu mashina tisa, majani urefu wa kidole. Kila shina nimelichomekea kijiti lisikanyagwe. Festo amecheka. Acheke.

Jumanne, 9 Januari
Kesho nampeleka Mama Iringa. Mtoto wa jicho. Anasema akianza kuona, cha kwanza anataka ua la marehemu Baba. Sura yangu baadaye, anaijua. Mama huyu!

Alhamisi, 11 Januari
Hospitali. Mama amefanyiwa upasuaji, salama. Mgonjwa sasa ni mimi. Nimekumbuka ghafla: kabla ya kupanda, tunapima mlima kwa kamba, na panapotakiwa shimo tunachomeka kijiti. Kijiti maana yake chimba hapa. Kazi hiyo nimeifanya miaka yote kwa mikono yangu! Nimempigia Festo mara sita. Hapatikani.

Ijumaa, 12 Januari
Tumerudi. Nimepanda mlima mbio.

Mashimo tisa. Misindano tisa, imesimama wima, kazi safi kabisa. Nimelia. Nimlaumu nani? Nimepekua udongo kwa vidole hadi jioni. Viazi vya chini vya yale maua vimekatwakatwa na jembe. Vizima vitatu tu, vidogo kama maharage. Nimevirudisha ardhini, misindano nimeing'oa. Mama sijamwambia. Mwoga mimi.

Jumapili, 14 Januari
Mahubiri sikuyasikia. Mama anatazama kila kitu: mabati, kuku, mimi. "Umezeeka, mwanangu." Kisha anauliza maua lini. Nimesema Februari. Naiogopa Februari.

Jumamosi, 17 Februari
Nimepanda mlima na Mama, polepole. Njiani nimemwambia yote. Akaendelea kupanda na fimbo yake. Juu tumekuta shina moja. Majani mawili, ua hakuna. Mama akachuchumaa, akaligusa, akalitazama sana.

"Halijafa. Limenuna tu. Baba yako naye alikuwa hivyohivyo."

Tumekaa pale mpaka ukungu ukaondoka. Vijiti vilikuwa bado vimetupwa pembeni. Nimeviokota vyote tisa, nimevifanya kuni za kuchemshia chai.