Mapunye ya Zuhura

Jumanne, 10 Septemba 1974
Asubuhi kumwagilia vitalu vya tumbaku vya kijiji. Mgongo umekufa. Nimerudi, nikamwogesha Zuhura. Utosini ana kiduara, nywele zimekatika, ngozi kama imepakwa unga. Mapunye. Yametoka wapi? Tangu lori litushushe hapa kijiji cha ujamaa mwezi wa saba, huyu mtoto hajalala bila kuoga.

Ijumaa, 13 Septemba
Mama Vero, jirani, kamkataza Vero wake kucheza na Zuhura. Kasema kwa sauti, makusudi nisikie: sisi wa porini tumewaletea uchafu. Na yeye alitoka wapi, Ulaya? Nimekasirika mpaka mboga ikaungua.

Jumamosi, 14 Septemba
Balozi wetu wa nyumba kumi kaamua: watoto wote wanyolewe, kazi ya pamoja. Kawanyoa mwenyewe. Zuhura wa kwanza, eti ndiye mgonjwa. Wembe mmoja, bakuli moja la maji, hadi mtoto wa mwisho. Nimefurahi. Wote vipara, nani atamcheka mwenzake?

Jumatatu, 30 Septemba
Sielewi. Vero anayo. Pacha wa balozi wanayo. Hata watoto wasiomsogelea Zuhura wanayo. Na mdogo wake Zuhura, ambaye hakunyolewa kwa sababu bado ananyonya, analala naye mkeka mmoja na hana kitu. Inakuwaje? Kisimani wanawake wamenipisha, na si kwa heshima. Mama Vero anataka kikao cha keshokutwa kiamue tuondoke. Nyumba yetu ya zamani ilishabomolewa. Twende wapi?

Jumatano, 2 Oktoba
Kikao. Mganga wa zahanati kaja na baiskeli kutoka Sikonge. Kakagua vichwa, kauliza watoto walinyolewaje. Balozi kaeleza kwa fahari. Mganga kainamisha kichwa. "Samahani, mzee wangu. Wembe wako ndio umeyagawa." Eti ni kuvu, kama ile ya mahindi yaliyolowa. Inakaa kwenye wembe, kitana, kofia, inahama na mtu. Hata anayeoga kila siku inampata.

Tunabaki. Hakuna aliyesema pole. Nikauliza, na Zuhura aliyapata wapi? Mganga kasema hajui. Basi labda kweli tulikuja nayo. Labda tuliyakuta hapa. Kichwa kinaniuma.

Jumapili, 13 Oktoba
Zuhura anameza dawa. Mama Vero kaleta mlenda, nimepokea.

Alasiri lori limeshusha familia nyingine, nyumba ya mwisho wa mstari. Mama wa watu vumbi hadi kwenye kope. Binti yao ana kiduara cheupe kisogoni. Alimkimbilia Zuhura, akamshika mkono.

Nikamvuta mwanangu. Sikufikiri, mkono ulienda wenyewe. Mama yule aliniona. Akasema tu, "Hamjambo, dada."

Nikajibu hatujambo. Nikaingia ndani na Zuhura, nikafunga mlango.