Mkanda Ulioachwa Ndani ya Kamera

Kaka Mabula,

Pamba ya Nkololo imepasuka, shamba lote jeupe, na mimi sina mkanda wa kuipiga picha. Hata ningekuwa nao, sijui ningempigia nani. Kamera yako iko juu ya kabati. Huwa naishusha, naipangusa vumbi, nabofya mara moja nisikie ule mlio ulioupenda, nairudisha. Ndani hamna kitu.

Ulituacha mkanda ukiwa nusu. Unaikumbuka picha ya mwisho? Wewe uliyekuwa ukikimbia kupigwa picha na simu zote za ukoo huu, Jumapili ile ukanikabidhi kamera mwenyewe. Ukakaa juu ya plau pale shambani, ukasema, "Usikimbilie, Kabula. Acha mwanga unifikie." Nikapiga. Njia nzima ya kurudi Bariadi tulibishana kama ulifumba macho au hukufumba. Raha yetu ilikuwa hiyo, kupiga na kubishana, halafu kungoja mpaka apatikane mtu wa kwenda Mwanza kuusafisha mkanda.

Siku ya msiba ikatakiwa picha ya kuweka msalabani. Mayu, mama yetu, akakumbuka kwamba nilikupiga. Mimi nilikuwa kwenye masufuria na akina mama wengine. Akaifungua kamera pale uani, jua la saa saba, akauvuta mkanda wote nje, akawa anaugeuzageuza akitafuta uso wako. Nilipotokea akaninyooshea. "Mbona Mabula simwoni?"

Sikuweza kumwambia kwamba jua lilikuwa limeshakufuta mkandani. Kaka, sikuweza. Tukatumia ile ya kitambulisho, umekunja uso kama umelishwa ndimu.

Nikaukunja mkanda hivyo hivyo, nikaupeleka Mwanza. Fundi alijua kabla hajaugusa, ila akausafisha kwa kunihurumia. Ukatoka mweusi tii, mwanzo hadi mwisho. Nilimlilia yule mzee wa watu kana kwamba yeye ndiye aliyekuua.

Mayu bado anauliza. Nikitoka mjini, kabla hata ya salamu: "Picha ya mwanangu imetoka?" Namwambia bado, siku hizi wanaosafisha mikanda ni wachache, foleni ndefu. Anaitikia kwa kichwa. Anasema, "Basi tungoje."

Mimi sina tena cha kungoja, na hilo linaniuma kuliko hata siku tuliyokuzika.

Lala, kaka yangu. Nakuahidi jambo moja tu. Mayu nitamwacha aendelee kungoja.

Mdogo wako,
Kabula