Baada ya Hitima ya Shabani

Muheza, Jumatatu jioni. Mvua imenyesha tangu alfajiri, machungwa hayakupakiwa, nami nimeshinda nyumbani. Moyo mzito. Nimeanza kuandika nikaacha, nikaanza tena.

Majina ya watu nimeyabadilisha.

Jana tulimsomea hitima Shabani. Tulikuwa tukifanya kazi pamoja, kupanga machungwa kwenye matenga na kupakia malori, na huko huko kazini ndiko kilikoanzia kikundi chetu. Mimi nilipewa mafunzo ya uelimishaji rika. Kila Jumapili kazi ikiisha nakaa na wanaume wenzangu, tunazungumza habari za virusi vya Ukimwi, kupima, kinga, na namna tunavyoishi na wake zetu. Shabani hakuwa mtu wa kukosa. Mtu akisema kliniki ni mambo ya wanawake, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkatiza.

Akaumwa kifua, akakonda, akalazwa, akaondoka. Tuliyozungumza wodini yalikuwa ya watu wawili. Sitayaandika hata hapa.

Baada ya kisomo watu walikula, wakaanza kutawanyika. Wanaume wa ukoo wakabaki barazani. Mimi na Omari, mwenzetu wa kikundini, tukaombwa tukae kwa kuwa tulikuwa marafiki wa marehemu. Mjane wake, Mwanahamisi, yumo edani. Alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, na kila neno lilimfikia.

Kaka mkubwa wa Shabani, Bakari, ndiye aliyeanza. Alisema wanawake waliokuja kusaidia msibani wamekuta dawa za shemeji yake, na dawa hizo kila mtu anazijua. Kwa hiyo eda ikiisha arudi kwao Mkwaja. Watoto watabaki na ukoo, na nyumba pia.

"Mdogo wangu aliingia kwenye ndoa akiwa mzima," alisema. "Huyu ndiye aliyemletea."

Nyuma ya pazia kilisikika kilio kifupi.

Wote tulitazama mkeka. Omari naye alitazama mkeka, yeye ambaye Jumapili husema sana. Mimi jibu nilikuwa nalo, lakini lilikuwa amana ya Shabani na sikuwa na haki ya kulitoa. Nililokuwa na haki nalo ni la kwangu tu.

"Kaka Bakari, mimi nina virusi," nikasema. "Tulipima wote wawili, nikakutwa mimi, mke wangu hakukutwa. Angenitupia nguo nje, nani kati yenu angemlaumu? Hakunitupa. Alinisindikiza kuchukua dawa, na mpaka leo yeye ni mzima."

Nikaendelea kusema kwamba nani alianza hakuna anayeweza kuapa, na hata tukijua hakutamrudisha Shabani. Waliobaki ni mama na wanawe, na mama huyo akinywa dawa zake atawalea mpaka wakue. Hapo Omari akainua uso, akasema yeye hatakuwa shahidi wa kuwatenga watoto na mama yao.

Mabishano yalikuwa marefu. Mwishowe baba mdogo wa Bakari na Shabani alikata shauri: eda iishe, asiguswe mtu wala nyumba, watoto wakae na mama yao, na mirathi igawanywe kwa sharia, na Mwanahamisi apewe fungu lake. Bakari aliinuka akaondoka bila kunipa mkono. Ukoo utakutana tena. Sijui watasimamia waliyoyasema au watayageuka.

Nilirudi nyumbani nikijiona nimefanya jambo la kiume.

Zaina, mke wangu, alikuwa ameshasikia. Habari ilinitangulia. Nilimkuta amekaa kitandani, baibui hajalivua. Nilimweleza yote, naye akasikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniuliza, ningekubali," akasema. "Lakini ungeniuliza."



Nimewaambia wanaume mara ngapi kwamba mambo ya nyumba si ya kuamua mtu mmoja? Nimewaambia kwamba mke si wa kupewa taarifa, ni wa kushauriwa. Na jana, mbele ya ukoo wa watu, nilimtoa Zaina hadharani pamoja nami. Nilikuwa namtetea mwanamke mmoja na wangu nikamsahau. Ningeweza kuomba nitoke kidogo, niende nimuulize, nirudi. Nyumba zetu haziko mbali.

Yeye huuza vitumbua asubuhi. Leo amekaanga vichache, akasema atazame kwanza watu watakavyompokea. Wapo walionunua kama kawaida. Jirani mmoja alipita akitazama upande wa pili. Zaina hakulalamika, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mchana alijifunika mtandio, akachukua vilivyobaki, akaenda kwa Mwanahamisi mvua ikinyesha. Amekaa huko hadi baada ya alasiri. Waliyozungumza hajaniambia, nami sijauliza.

Jumapili kikundi kinakutana. Nitawaeleza nilivyokosea kabla sijawafundisha lolote.

Haya niliyoandika nimempa Zaina ayasome kabla sijayaweka hapa. Ameyasoma polepole. Amesema niondoe sentensi moja, nimeiondoa.