Asumini ya Bi Kanta

Shikamoo mama,

Baridi ya London nimeshaizoea, lakini leo kichwa kimenivurugika. Mwenye nyumba niliyofikia hapa Tooting ni Bi Kanta, Mhindi wa Unguja aliyehama baada ya mapinduzi. Siku ya kwanza alinielezea nyumba aliyoiacha, nikaitambua: ndiyo hiyo tuliyopewa sisi na serikali. Niliona haya, sikumwambia.

Kila asubuhi hukaa chini akafumba macho. Anasema watawa wa India ya kale walikaa vivyo hivyo, kimya, mpaka wakafunuliwa elimu isiyomo vitabuni: kuyaona ya mbali, kuyajua yaliyomo moyoni mwa mtu. Leo nilikaa naye. Mimi niliambulia ganzi ya miguu tu. Yeye alifumbua macho, akaniuliza taratibu, "Asumini yangu ya uani, mbona mmeikata?"

Mmeikata! Nikamjibu ipo, inachanua. Akanimiminia chai.

Sijui ameona, amebahatisha, au uso wangu ndio ulionisaliti. Nilipoondoka huko nyumbani mti ulikuwa umejaa maua. Hebu kautazame, mama. Na kama mmeukata, pandeni mwingine kwanza, ndipo uniandikie.

Nakubusu mikono yote miwili,
Mwanao Salma