Shimo la Kuvundikia Ndizi

Kemi, ile riwaya mpya tunayoisubiri, usiilete hapa nyumbani!

Nimemsomea baba tangazo lake. Eti mwaka 1986 mtu wa magendo ya kahawa alipotea hapa kwetu Nyabiyonza, hakuonekana tena. Basi, hakuna kingine.

Baba kasimama. "Nani kamwambia huyo mwandishi habari za shimo?"

Shimo gani? Tangazo halitaji shimo, Kemi! Nimerudia kusoma, halitaji!

Unajua sisi hatuvundiki ndizi za pombe. Majirani wote wana shimo, letu la kule migombani lilifukiwa mwaka huohuo. Siku zote naambiwa ni kwa sababu tuliokoka.

Nimemuuliza, "Shimo lipi, baba?" Kauliza kitabu kinatoka lini.

Nikasema Ijumaa.

Kachukua jembe, anaelekea migombani, na mvua yote hii.