Kigae cha Twaiba

Jumapili, 3 Agosti 2025
Twaiba amefika Msambweni! Siku mbili tu, kisha Ufaransa kwenda kuvijaribu vigae vyake motoni. Daktari, mwanangu — si wa sindano, wa udongo. Chombo cha angani huvishwa vigae hivyo, kisiungue kikirudi duniani. Nani mwingine hapa kazaa hivyo? Amekuja na vitatu, ndani ya sanduku. Kasema, mama, visiguswe. Visione maji.

Jumatatu, 4 Agosti
Twaiba kaenda Kwale kumwamkia shangazi yake. Nikamfungulia jirani yangu Mwanaima sanduku. Kidogo tu! Akachukua kimoja, akakipima mkononi. Chepesi kama andazi.
"Ee shoga, miaka kumi ya Ulaya, karudi na kigae cha choo?"
Nikacheka. Kisha akasema, lakini kizuri. Kizuri mno. Mashaallah hakusema!
Alipoondoka nikakifukiza udi kile alichokishika, kumwondolea mwanangu jicho. Nikakinyunyizia na marashi — kikayanywa yote, kama mchanga. Nikakirudisha mahali pake.

Jumatano, 6 Agosti
Ameondoka jana. Nimelala mchana kutwa.

Jumamosi, 16 Agosti
Twaiba kapiga simu. Vigae viwili vimestahimili moto. Kimoja kimepasuka, hajui kwa nini. Asema basi mchanganyiko wake si wa kutegemewa. Jumanne atawaambia hivyo wakubwa wake, na kazi ya miaka minne itafungwa. Anajilaumu yeye. Nikamwambia Mungu ni mkubwa. Nikaenda kufua.
Jioni Mwanaima kaja kuuliza. Nikamwambia vimeng'ara, vyote vitatu!

Jumatatu, 18 Agosti
Chungu chenye maji mwilini ukikitia motoni hupasuka. Nani asiyelijua hilo? Mimi nimelijua tangu sijavunja ungo.

Jumanne, 19 Agosti
Kikao chao ni saa tisa. Saa nane nikampigia. Shikamoo mama. Marahaba. Umekula? Mkate. Huko baridi? Hakuna, mama, ni joto.
Kisha akacheka kidogo. Kasema lile sanduku mpaka leo lanukia kwetu. Kila akilifungua aona kama yuko uani, nami nafagia.
Nikamwambia, Twaiba, kaa kitako, nikwambie harufu hiyo imetoka wapi.
Kasema ameshakaa.